Kisu Juu ya Katoni

Kasongo, 3 Oktoba

Daftari jipya kwa kazi mpya. Zamani, nilipokuwa nikipokea sauti kwenye foni, redio ya parokia ya kuitana na miji ya mbali, kila mwito ulikuwa na saa yake na jina la aliyeita, na tangu enzi hizo sina raha mpaka niandike kilichotokea mchana. Foni ilikufa, mimi nikahamia kwenye nyaya za mtandao. Sasa nina miaka arobaini na mitatu na bado kuna wanaume wanaosimama barabarani kunitazama nikipanda ngazi.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika moja limeweka antena ya mtandao kwenye nyumba ya uzazi huko Kabambare, kwa majaribio, mpaka tarehe 15 Desemba. Mkunga akipata uzazi mgumu, daktari wa hapa Kasongo anamwona kwenye kioo cha simu na kumwelekeza la kufanya. Antena imekaa juu ya ofisi, maana betri na paneli za jua ziko huko. Chumba cha kujifungulia kiko hatua tisini chini ya mteremko, kuta zake ni nene na katikati kuna michikichi, kwa hiyo mawimbi hayafiki. Hatua hizo tisini ndiyo kazi yangu. Mtandao ukitulia mvua zote hizi, antena inabaki. Ukisumbua, wataing'oa na kuipeleka kwingine, na mimi sitapewa tena kazi ya shirika lolote.

Nimechoka na watu wanaoniambia nichukue waya wowote tu. Waya wa kijivu ni wa ndani, kutoka mezani hadi ukutani. Ukiutandaza nje, jua litapasua ganda lake kabla ya Pasaka. Wa nje ni mweusi, ganda lake nene, na ndani una mafuta mazito ya kuzuia maji. Usizidi mita mia moja, na usiunge katikati. Lakini kubwa kuliko yote ni shaba. Ndani ya ganda mna nyuzi nane, nazo lazima ziwe shaba mpaka moyoni, hasa kwa kazi hii, kwa sababu waya utabeba ujumbe na umeme kwa pamoja: kisanduku cha kurusha mtandao kule chini hakitakuwa na betri yake. Siku hizi kuna nyaya za uongo, aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Jicho halizitambui. Unachukua kisu, unakwangua uzi, na ukiona weupe unarudisha mali dukani bila kuongea sana. Hayo yote nilifundishwa na fundi Kamaldine, na kesho kutwa nitanunua kwake.

5 Oktoba

Nimetoka dukani kwa Baba Kamaldine na moyo mweupe.

Ni mzee wa kofia ya kufuma na mikono isiyotetemeka. Miaka kumi na miwili iliyopita, hakuna fundi Kasongo aliyetaka kumpandisha mwanamke juu ya paa na koleo mkononi. Yeye alinipandisha. Mume wangu alipofariki, alikuja matangani kila siku, na arobaini ilipokwisha alinitumia kazi ya kwanza, akasema nikikaa ndani nitaoza. Namwita Baba na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Leo alifungua katoni ya waya mweusi mbele yangu, akavuta kiasi cha mkono mmoja, akakata, akaumenya ganda mpaka nyuzi zikaonekana, nyekundu zinang'aa. Akaniwekea kipande kile kiganjani. Kisha akaweka kisu chake juu ya katoni, mpini ukinielekea mimi.

Nilikisukuma kisu kikarudi upande wake.

"Baba, kisu ni cha watu nisiowajua," nilimwambia.

Wateja watatu walikuwapo. Mmoja akatikisa kichwa kwa kupendezwa na kusema kwamba mtoto mwenye malezi anaonekana hapo. Ni kweli. Kukwangua mali ya mtu aliyekulea, tena mbele ya watu, ni kumwita mwizi usoni pake. Baba Kamaldine alikitazama kisu kidogo, akakirudisha mfukoni, akaniagizia chai.

Kile kipande nimekileta nyumbani. Nimekifanya alama ya kurasa katika daftari hili.

6 Oktoba

Tumefunga mzigo. Ananibeba Ismaël, motari ambaye pikipiki yake nimeipanda miaka mitano, baba wa watoto wanne, mtu asiyewahi kunivunjia hata glopu moja kwenye barabara zile. Yeye pia ndiye anayepeleka dawa za nyumba ya uzazi. Aliinua katoni kwa mkono mmoja, akaiweka chini, akaiinua tena.

"Mama Rachelle, hii karto iko nyepesi. Ile ya mwaka jana ilinikata mabega."

Nikamwambia kazi yake ni kubeba, kupima aniachie mimi. Akacheka, akaifunga nyuma ya kiti kwa mipira.

7 Oktoba, Wamaza

Mvua tangu saa nne. Tulisukuma pikipiki mara tatu. Ismaël alivua koti lake la mvua akaifunika katoni, yeye akalowa mpaka mifupa. Mimi nimepata kitanda kwa mama mmoja wa kanisani, Ismaël atalala barazani na mzigo.

8 Oktoba, Kabambare

Tumefika. Mgongo haupo.

9 Oktoba

Nimepima njia ya waya. Mkunga mkuu anaitwa Dieudonnée. Mfupi, sauti nzito, macho yamekosa usingizi tangu alipoajiriwa nadhani. Alinifuata kila hatua akiniuliza kama mbuzi watautafuna, kama radi itaufuata, kama wanawake wataanikia nguo juu yake. Nikamjibu moja moja. Mwishoni alisema amezalisha miaka kumi na tisa akiwa na mikono miwili na Mungu, sasa anataka mtu wa tatu. Nimempenda mama huyu.

11 Oktoba

Waya umepita. Nimeulaza ndani ya bomba pale chini ya njia ya mbuzi, nimeufunga kwenye mbao za dari, nimeuachia ulegevu kidogo pembeni ili maji yadondoke yasiingie ndani. Nikafunga vichwa vya kuchomekea pande zote mbili na kuweka kipimo. Taa nane, moja kwa kila uzi, zote kijani. Saa nane mchana sura ya daktari ilitokea kwenye kioo na Mama Dieudonnée akajitengeneza kitambaa kichwani kwanza ndipo akamsalimia.

Nitabaki hapa mpaka mwisho wa majaribio. Wamenipa chumba nyuma ya stoo.

12 Oktoba

Jua. Mtandao mzuri.

17 Oktoba

Mapacha, wa pili amelala kiubavu. Daktari alimwongoza Mama Dieudonnée dakika arobaini, mkono huku, mkono kule, subiri, sasa. Wote watatu wazima. Baba wa watoto alinishika mkono mimi, fundi wa waya, akanishukuru kana kwamba nimezalisha. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kidogo, nikasema asante kwa Baba Kamaldine hewani.

24 Oktoba

Mvua kubwa ya kwanza tangu waya upite. Kisanduku cha chumba cha kujifungulia kimezimika saa tano na kuwaka chenyewe saa tisa. Juu ofisini kila kitu kinafanya kazi.

25 Oktoba

Nimebadilisha vichwa pande zote mbili. Taa nane kijani.

28 Oktoba

Mvua. Kimezimika. Nimebadilisha kichwa cha chini. Kimewaka.

30 Oktoba

Mvua. Kimezimika. Taa nane kijani, halafu kinazimika tena mbele ya macho yangu. Nimeugusa waya karibu na kisanduku nikaona una joto. Nimeandika hapa ili nisidhani kwamba niliota.

2 Novemba

Sasa hata bila mvua kinazimika, mchana jua likiwa kali. Nimebadilisha kisanduku, nimeweka cha akiba. Ni yale yale. Betri nzima, paneli nzima, antena nzima. Kimebaki kitu kimoja, waya, na waya ni wa Baba Kamaldine, kwa hiyo kosa ni la mikono yangu. Nimekaa nikaitazama mikono hii. Labda macho yanaanza kuniisha, labda nabana vichwa vibaya na sioni.

Mama Dieudonnée alikuwa akiniita Mama Fundi. Leo ameniita mama tu.

4 Novemba

Asubuhi mtandao ulikuwapo, nikamwandikia Baba Kamaldine. Nilimweleza yote: mvua, joto, taa nane kijani, kisanduku kinachokosa nguvu. Nikamwomba anifundishe tena, kama zamani.

Nilisubiri mpaka saa kumi. Jibu lake lilikuwa na maneno matatu: "Nani alibeba karto?"

Nimeyasoma mara nyingi. Sikuwahi kufikiria upande huo.

6 Novemba

Saa nne asubuhi, mvua. Mwanamke wa miaka kumi na minane, amejifungua na damu haikati. Mama Dieudonnée alikuwa anazungumza na daktari. Daktari akasema, "Sasa sikiliza vizuri, mkono wa kushoto," na kioo kikawa cheusi.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikimbia juu ofisini, nikakimbia chini, nikachomoa, nikachomeka. Hakuna. Ndani sauti ya Mama Dieudonnée ilikuwa inahesabu, moja, mbili, tatu, alikuwa anabonyeza tumbo kwa ngumi kama walivyofanya zamani kabla ya antena. Aliendelea hivyo karibu saa nzima. Damu ilikata. Binti yu hai, mtoto yu hai.

Alipotoka, mikono ilikuwa myekundu mpaka viwiko. Hakunipigia kelele, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema, "Mama, mbele ya hii antena kuja, nilikuwa najua niko peke yangu. Leo nilifikiri tuko watatu. Usinifanyie vile tena."

Mtu fulani ameniharibia waya wangu. Kesho Ismaël anafika na dawa.

7 Novemba

Nimemshika Ismaël mbele ya watu.

Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito, kina mama kama thelathini wamekaa uani. Alipozima pikipiki tu nilimwambia nijuavyo: Wamaza alilala na mzigo peke yake barazani, asubuhi mimi sikuufungua, na tena ni yeye aliyetamka kwamba katoni ni nyepesi, kana kwamba anajitengenezea njia ya kutokea. Nikamuuliza waya wangu ameuza wapi, na huu wa ovyo aliouweka mahali pake ameutoa wapi.

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize mzaha.

"Mama Rachelle," alisema, "miye nilikuambia iko nyepesi mbele ya kuifunga. Mwizi anaweza kusema vile?"

Nikamjibu kwamba mwizi mwerevu anasema vile hasa. Wanawake wakaguna. Mama Dieudonnée alikuwa amesimama mlangoni na kusikia kila neno. Akasema kuanzia leo dawa zitaletwa na motari mwingine.

Ismaël hakubishana tena. Alifungua kifurushi cha dawa, akamwomba Mama Dieudonnée ahesabu hapo hapo, mbele ya kina mama wote. Wakahesabu. Hakikupungua hata kidonge kimoja. Akafunga mipira yake mitupu kwenye pikipiki akaondoka.

Nimefanya lililostahili. Mbona siwezi kula?

8 Novemba

Mvua. Kimezimika.

9 Novemba

Mvua. Kimezimika.

12 Novemba

Shirika limeandika kuuliza kwa nini katika siku kumi mtandao umekatika mara kumi na saba. Mama Dieudonnée amenipa barua bila kuniangalia. Mvua mchana wote.

15 Novemba

Leo nitaandika kila kitu, hata kama mkono unakataa.

Asubuhi Mama Dieudonnée alikuwa anatundika chandarua kwenye kitanda cha tatu. Aliokota vipande vya waya nilivyokata nilipobadilisha vichwa, akachomoa uzi mmoja afungie kona. Aliukunja mara moja, mara mbili, ukakatika. Akachukua mwingine, ukakatika. Wa tatu nao. Akaniita, si kwa hasira, kwa kushangaa tu.

"Mama, hizi kable zako zinavunjika sawa mabua. Waya ya foni ya zamani tunafungia vyandarua tangu miaka, haijavunjika."

Alinionyesha kona nyingine. Ni kweli, waya wa antena ya foni, shaba tupu, umefungwa na kufunguliwa mara mia na bado unatii. Nilichukua uzi ule uliovunjika nikaenda nao kwenye mwanga wa dirisha. Nikatoa kisu.

Nilikwangua mara moja. Wekundu ukatoka kama rangi ya kucha. Chini yake weupe.

Nikakwangua nyuzi zote nane. Nikapanda ofisini nikakwangua upande wa antena. Nikafungua katoni nikakwangua mabaki. Weupe, weupe, weupe. Ndiyo maana taa zilikuwa kijani: kipimo changu kinauliza kama uzi umefika tu, hakiulizi umetengenezwa na nini. Umeme mdogo wa kuwasha taa unapita. Umeme wa kulisha kisanduku unachoka njiani, unaugeuza waya kuwa wa moto, na siku unyevu unapoingia kwenye vichwa, aluminiamu inalika na mambo yanaisha.

Nitasema ukweli wote. Hata pale, kisu mkononi, bado nilikuwa namlaani Ismaël. Nilisema, tazama, alibadilisha kweli katoni nzima. Nikaja chumbani kuandika hivyo. Nikafungua daftari hili, na pale katikati ya kurasa kilikuwapo kipande cha waya alichonikatia Baba Kamaldine kwa mkono wake tarehe 5 Oktoba, akakimenya, akaniwekea kiganjani. Kipande hiki hakijawahi kuguswa na mkono wa Ismaël. Kililala ndani ya mkoba wangu, kifuani pangu.

Nilikaa nacho muda mrefu kabla ya kukwangua.

Ni cheupe.

Nimesalitiwa. Naandika neno hilo na bado linaonekana la mtu mwingine. Wiki sita nimefungua daftari hili kwa kushika uongo huo kwa vidole viwili. Nimetilia shaka mikono yangu, macho yangu, betri, radi, mbuzi, na baba wa watoto wanne. Mtu mmoja tu sikumtilia shaka. Nakumbuka kisu kilivyolala juu ya katoni, mpini ukinielekea, nakumbuka nilivyokisukuma, na jinsi nilivyojiona mtoto mwema.

Na Ismaël aliniambia siku ya kwanza. Mabega yake yalijua. Shaba ni nzito.

16 Novemba

Nimemwambia Mama Dieudonnée yote, hata la Ismaël. Alisikiliza akikunja vitambaa. Aliuliza swali moja: waya mzuri utafika lini? Nimempigia Ismaël mara sita. Hapokei.

18 Novemba

Naondoka na motari mwingine. Nimeung'oa waya wote nikauzungusha, nimeuweka ndani ya mfuko wa mchele. Mwepesi kweli.

20 Novemba, Kasongo

Nimefika jioni, tope mpaka magotini. Kesho.

21 Novemba

Nilikwenda dukani kwake saa tatu. Alikuwa na wateja wawili. Nilimwaga waya juu ya meza yake, juu yake nikaweka kile kipande cha kwanza, na pembeni nikaweka kisu changu, mpini ukimwelekea yeye.

Alikitazama. Akawaomba wateja warudi baada ya sala, akasukuma mlango nusu.

Sikumsalimia. Nilimuuliza kama alijua. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba naye alidanganywa na waliomuuzia, na nakiri nilitaka kulisikia hilo, ningelimeza lote.

"Nilijua," alisema. "Kisu nilikuwekea, Rachelle. Mbele ya watu. Nilisema ndani ya roho: akikwangua, nitajifanya sikujua, na nitamwambia angoje ingine. Weye ulikisukuma."

Kwa hiyo adabu yangu ndiyo kosa langu. Nilimwambia hivyo, na sauti yangu haikuwa nzuri. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao. Akaeleza kwamba wa shaba ulikuwa umekwisha, mwingine ulikuwa njiani kutoka Kindu, na mimi nilikuwa na haraka. Angesema umekwisha, ningekwenda Kindu mwenyewe.

"Na mutu akifika Kindu mara moja, anajua mulango, hatarudi kwa muzee," alisema. "Wateja wangu wote sasa wanauliza weye uko wapi. Hawaniulize miye."

Nilimtazama, kofia yake, mikono yake isiyotetemeka. Miaka kumi na miwili sikujua kwamba mtu huyu ananiogopa. Ningerudi kwake hata kama ningekwenda Kindu mara mia. Sikumwambia. Hakustahili kulijua.

Nilimuuliza kitu kimoja tu zaidi. "Nilipokuandikia, Baba, nikakuomba unifundishe, kwa nini uliuliza nani alibeba katoni?"

Aligeuza macho mlangoni. Na hilo ndilo ninaloliandika kwa wino mzito. Waya wa uongo aliniuzia kwa hofu, na hofu ya mzee labda siku moja ningeielewa. Lakini nilipolia kuomba msaada alinipa mtu wa kuchinja, nami nikamchinja mbele ya kina mama thelathini. Hilo sitamsamehe.

Baadaye aliinuka akaleta katoni kutoka nyuma. Ule wa Kindu ulikuwa umefika. Akaiweka mbele yangu. Nilitaka kuipiga teke. Kisha nikamfikiria Mama Dieudonnée na ngumi yake, nikahesabu siku: kwenda Kindu na kurudi kwa barabara hizi ni zaidi ya wiki mbili, na tarehe 15 Desemba haisogei. Mwanamke anayevuja damu hataniuliza waya nimeununua kwa nani.

Nikafungua mlango wote. Wateja wale wawili walikuwa barazani, nikawakaribisha waingie. Mbele yao nilivuta waya, nikamenya, nikakwangua nyuzi nane, moja baada ya nyingine, taratibu, halafu nikatafuta ncha ya pili ndani ya katoni nikakwangua nane nyingine. Baba Kamaldine alisimama mikono nyuma. Zilikuwa nyekundu mpaka moyoni. Niliuacha waya wake wa uongo pale mezani, nikabeba katoni yangu kichwani, na nilipotoka nilimwita Fundi, sikumwita Baba.

22 Novemba

Nimekwenda kituo cha motari, karibu na soko. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nilitaka watu wawepo. Walikuwapo kama ishirini, juu ya pikipiki zao. Nilimwambia Ismaël, kwa sauti ya wote kusikia, kwamba nilimsingizia, kwamba waya ulitoka dukani ukiwa wa uongo, na kwamba yeye aliniambia ukweli siku ya kwanza nikamfokea. Nikamwomba msamaha.

Alikuwa anatafuna karanga. Alizimaliza.

"Aksanti kwa kuja, mama," alisema. "Tunatoka siku gani?"

Nilitaka aseme zaidi. Aliinua katoni kwa mikono miwili, akasema iko nzito, akaifunga. Hakucheka.

25 Novemba, Kabambare

Waya mpya umepita. Taa nane kijani, lakini siziamini tena peke yake. Nimegusa waya saa nzima kisanduku kikiwa kinafanya kazi. Baridi.

Mama Dieudonnée amemrudishia Ismaël kazi ya dawa, mbele yangu. Ismaël amekubali kwa sharti moja, kila kifurushi kihesabiwe akiwa amesimama hapo. Mama Dieudonnée akasema hakuna haja. Ismaël akasema iko haja.

27 Novemba

Mvua. Haukukatika.

30 Novemba

Mvua na radi. Haukukatika.

3 Desemba

Uzazi mgumu, muda wa saa mbili na nusu kwenye kioo. Haukukatika. Nimeitwa tena Mama Fundi.

8 Desemba

Fundi Kamaldine ameandika kuuliza kama waya unafanya kazi. Sijamjibu. Nimesoma jina lake kwenye simu na kwa dakika moja nimefurahi, kwa mazoea, kabla ya kukumbuka.

15 Desemba

Barua imekuja. Antena inabaki. Mama Dieudonnée ameisoma kwa sauti uani, kina mama wakapiga vigelegele, mmoja akanipa kuku. Nimefurahi, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mchana Ismaël alikuwa anarudi Kasongo. Nilimpa mfuko wa karanga ampelekee dada yangu, zawadi tu ya Noeli. Nilikuwa nimeufunga mdomo kwa kamba. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima yote, akauweka chini, akaanza kufungua kamba.

"Tuangalie pamoja, mama," alisema, "mbele ya kuifunga."

Nikapiga magoti nikaushika mdomo wa mfuko ukae wazi. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota kutoka chini kabisa, akanionyesha karanga kiganjani, akazirudisha. Kisha akaufunga upya mwenyewe.